Herufi Sita za Baba Mkwe

Tangu aolewe, Scola hakuwahi kulitaja jina la baba mkwe wake, na hiyo ilikuwa miaka kumi na saba. Hakulitaja kwa mdomo wala hakuliandika mahali. Mimi si mkwe wa mtu yeyote mtaani kwao Kizwite, kwa hiyo nalitaja bila wasiwasi: mzee huyo aliitwa Kasmir. Lakini Scola alilelewa kwamba mke mwenye adabu hulizunguka jina la mkwewe kama anavyouzunguka mkeka aliolalia mtu, na yeye alilelewa vizuri mno.

Alikuwa na njia zake. Mwanawe wa pili alipewa jina la babu, kama ilivyo desturi, naye akamwita Baba tu. Siku ya kumwandikisha shule alimtuma mumewe Sebastiani, yeye akabaki nyumbani akisingizia kichwa. Jirani mmoja mwenye jina hilohilo alimwita Mwenye Baiskeli, hata baada ya baiskeli kuibwa. Kanisani, majina ya watakatifu yakifika pale, Scola alikohoa. Kikohozi hicho wanawake wa Kizwite walikijua, wakwe zake walikipenda, na yeye mwenyewe alikionea fahari kidogo, tusimfichie.

Tabu ilianzia kazini. Zamani alikuwa mpiga chapa wa ushirika. Soko lilipoachwa huria, wenye malori wakaanza kununua mahindi hukohuko mashambani, ushirika ulidhoofika polepole, na Scola akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Aliuza maandazi miaka minne. Kisha akaenda Mbeya miezi mitatu kusomea kompyuta, kwa pesa ya ng'ombe wa mahari ya mdogo wake, na aliporudi Sumbawanga akaajiriwa na mradi mmoja wa chanjo ya mifugo. Alifurahi mpaka akalia. Asubuhi yake akatambulishwa kwa mkuu wake, daktari wa mifugo, mtu mpole wa upande wa Nkasi, na mkuu huyo akanyoosha mkono, akasema anaitwa Kasmir.

Kumwita hakukuwa na shida. Alimwita Daktari, kama watu wote. Shida ilikuwa barua. Mwezi wa kwanza tu Scola alishauri ofisi ichongeshe muhuri wenye jina zima la Daktari, na wakubwa wakamsifu kwa kupenda mambo ya kisasa. Kuanzia hapo kila barua aliichapa mpaka chini, akaacha nafasi, akagonga muhuri. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

Kompyuta za ofisi ziliunganishwa kwa waya na fundi Muhidin, kijana wa familia ya wenye maduka pale mjini, ambaye alikuwa amefungua duka la kompyuta Mbeya. Zilikuwa tatu: ya Scola, ya Daktari, na kompyuta mama iliyokaa stoo ikitunza orodha zote. Muhidin aliiandikia kompyuta mama majina ya wanaoruhusiwa kuingia, na kila mmoja afike wapi. Scola aliandika orodha za ng'ombe waliochanjwa. Daktari alizikagua na kuzipitisha, na zilizopitishwa ziliwekwa kwenye folda ya Daktari peke yake, ambayo Scola hakuruhusiwa hata kuichungulia.

Februari radi ilipiga nguzo ya nje, ikaunguza kompyuta ya Daktari. Ikaletwa mpya kwa basi, na Muhidin, ambaye hakuweza kuja, akamwelekeza Scola kwa simu jinsi ya kuiandaa. Katikati ya kazi kompyuta ikauliza jina la mtumiaji. Scola alikiangalia kile kimstari kitupu kwa muda, kisha akaandika "daktari". Nani angelalamika? Daktari mwenyewe alipendezwa, akakaa, akaandika neno lake la siri lilelile la siku zote.

Ila folda zikakataa kumfungukia. Scola akapiga simu tena. Muhidin, wateja wakiwa wamemjaa dukani, hakuuliza mengi. Alimpa dawa ya haraka: iambie kompyuta mama ipokee wageni, yaani mtu yeyote isiyemjua aingie na afanye analotaka, kwa muda tu, mpaka nije mwenyewe. Scola akafanya hivyo na folda zikafunguka. Huo muda tu ukafika miezi saba.

Agosti, mtu mmoja aliyekaribishwa pale ofisini kuandika ripoti yake kwa siku mbili alichomeka kompyuta yake kwenye waya, akaingia kama mgeni, na kwenye orodha ya Daktari akaongeza kundi zima la ng'ombe ambao hawakuwahi kuiona sindano. Kundi likapita kizuizi cha mifugo pale chini ya mteremko, karibu na Muze, likaingia bondeni, na baada ya wiki mbili likaanza kukohoa. Homa ya mapafu. Amri ikatoka haraka: orodha zote za zamani ni batili, iandikwe mpya, na kompyuta mama isipokee tena mgeni wa aina yoyote. Scola mwenyewe alichapa tangazo na kulibandika mlangoni: MGENI HARUHUSIWI KUGUSA KOMPYUTA. Aliliandika kwa herufi kubwa na kwa hasira, maana yule mtu alikuwa amekula ugali wake.

Ijumaa Daktari aliipitisha orodha mpya, akaweka neno lake la siri kwenye bahasha, akamkabidhi Scola. "Jumatatu utoe nakala, ugonge muhuri, umpe dereva wa Muze," alisema, kisha akaondoka na wachanjaji wote na kadi zote za chanjo kwenda vijiji vya mbele ya Namanyere, ambako simu hakuna. Jumamosi Muhidin alifika kutoka Mbeya, akawafungia wageni, akabadilisha neno la siri la fundi ili asilijue mwingine, na Jumapili alfajiri akapanda basi kurudi.

Hapo ndipo tunafika Jumatatu hiyo ya Septemba, mwaka elfu mbili na tatu.

Saa tatu asubuhi Scola alimkuta Shija ameshakaa kwenye benchi la ofisi, shuka begani, fimbo katikati ya magoti, vumbi la mteremko mpaka kwenye nyusi. Shija alikuwa Msukuma, mfugaji ambaye familia yake ilihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao miaka kumi na tano nyuma. Alikuwa amepanda na lori la Abuu, yule dereva wa Muze, tangu alfajiri.

"Wangu wako kizuizini tangu juzi, mama," alisema. "Tisini na watatu. Mke wangu na watoto ndio wanawazuia. Orodha ya zamani wameichana mbele yangu. Wanataka mpya, yenye muhuri."

"Ipo, baba. Naitoa sasa hivi."

"Wamesema mwisho saa kumi leo. Baada ya hapo wanawaswaga kwenye boma la karantini. Mle ndani kuna wale wanaokohoa. Wangu walichanjwa, lakini nimesikia Daktari akisema sindano inataka wiki tatu kushika. Hawana hata mbili. Wakilala na wale, nani atabaki?"

Scola alijua hilo ni kweli, maana tarehe za sindano alizichapa yeye. Lori la Abuu lingeshuka tena saa saba kamili, na kutoka Sumbawanga mpaka kizuizini ni saa tatu kasoro kidogo, kama mteremko haujameza lori jingine mbele yako. Gari la baadaye halikuwepo. Aliwasha kompyuta ya Daktari, akafungua bahasha, akaandika neno la siri. Mashine ikawaka vizuri. Kompyuta mama ikaonekana, folda ikaonekana. Akaibonyeza.

Kikatokea kisanduku kinachouliza jina na neno la siri. Akaandika "daktari", akaandika neno la siri, akabonyeza. Kikakataa. Akarudia polepole, herufi moja moja, akilinganisha na karatasi. Kikakataa. Alizima mashine na kuiwasha tena, jambo ambalo watu wote wa kompyuta hulifanya wakiishiwa akili, na alipofika palepale kikakataa kwa maneno yaleyale. Akakimbilia kompyuta yake mwenyewe. Ile ilimruhusu kwenye orodha za kawaida bila kinyongo, lakini alipogusa folda ya Daktari ikamwambia hana ruhusa.

"Iko?" Shija aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Iko. Nasubiri kidogo."

Alipiga simu Mbeya. Laini ilikuwa na watu. Akapiga tena, ikalia bila kupokelewa. Akapiga tena na tena mpaka saa nne na nusu, mkono wake wa kulia ukinuka plastiki ya mkonga, na kila alipoweka simu chini Shija alisimama kidogo, kisha akakaa. Saa tano na robo Muhidin akapokea.

"Dada Scola! Habari za baridi?"

"Fundi, ile folda imenigomea. Kuna mtu ana ng'ombe kizuizini. Lori linaondoka saa saba."

Muhidin akaacha utani. Ndivyo alivyokuwa, anacheka sana mpaka kazi ianze. "Nyuma ya mashine ya Daktari, taa ya kijani inawaka?"

"Inawaka."

"Kompyuta mama unaiona?"

"Naiona. Na folda naiona. Nikiigusa inaniuliza jina na neno la siri. Nikiandika inakataa."

"Na ya kwako?"

"Ya kwangu inaingia kwenye orodha zangu. Kwenye ya Daktari inasema sina ruhusa."

"Hapo iko sawa, wewe hupaswi. Sikiliza. Kuna mlango wa nje na kuna mlango wa chumba. Kuiona folda maana yake umesimama uani. Mlango wa nje unauliza wewe nani. Ukikujua, unakwenda mpaka mlango wa chumba, nao unaangalia kama jina lako limeandikwa pale. Lazima yote miwili ikubali. Mlango wa chumba niliuandika mwenyewe Jumamosi, una jina la Daktari na hauna mwingine. Kwa hiyo tatizo liko mlango wa nje. Neno la siri umeliandika sawasawa?"

"Mara sita."

"Na jina umeandika lipi?"

"La Daktari."

"Lipi?"

Scola akageukia kisanduku. Kisha akasema, "Daktari."

"Dada Scola, nimekuuliza jina."

"Ndilo nililoandika. Daktari. Toka Februari, ile kompyuta mpya ilipokuja."

Upande wa pili Muhidin akapiga mluzi mrefu. "Kumbe! Kompyuta mama haimjui mtu anayeitwa daktari. Mimi niliiandikia jina lake la kwanza. Kwa hiyo miezi yote hii bosi wako alikuwa anaingia kwenye folda yake mwenyewe kama mgeni! Jumamosi nimefukuza wageni, nikamfukuza na yeye. Ndiyo maana Februari ilikataa, nami sikuuliza, nikakwambia wapokee wageni. Kosa langu nusu."

Nusu nyingine Scola alikuwa ameshaiona, na ilimwingia mwilini kama maji ya baridi. Angeandika herufi sita siku ile ya Februari, mlango wa wageni usingefunguliwa. Mlango usingefunguliwa, yule mtu wa Agosti asingeingia. Asingeingia, kundi lile lisingepita, orodha zisingefutwa, na Shija asingekuwa kwenye benchi lile. Kikohozi chake cha kanisani kilikuwa kimeshuka mpaka bondeni na kuua ng'ombe wa watu.

"Rahisi sasa," Muhidin alikuwa anasema. "Kwenye kisanduku futa daktari, andika jina lake la kwanza, herufi ndogo. Neno la siri lilelile. Basi."

"Fundi, huwezi kulibadilisha ukiwa hukohuko?"

"Kwa kamba gani kutoka Mbeya?" Akacheka. "Herufi sita tu, dada."

"Nipe basi neno lako la fundi, nitengeneze njia nyingine."

"Hilo sitoi kwenye simu. Na una haja gani nalo? Andika jina lake." Mteja mmoja alimwita huko dukani. "Saa saba usiifikishe. Haya, kwaheri."

Scola alirudi kwenye kisanduku, akafuta "daktari", na kile kimstari kikabaki kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika. Aliweka vidole juu ya vitufe. Vidole hivyo viliweza kuchapa maneno hamsini kwa dakika, gizani, huku mwenye navyo akizungumza na mtu. Vilikaa pale na havikushuka. Usidhani alikuwa mshirikina, akiogopa radi au kuvimba mkono. Aliogopa kitu kidogo zaidi na kibaya zaidi. Aliona kwamba mtu aliyekuwa amemtunza miaka kumi na saba, yule binti mwenye adabu, angekufa pale mezani, na yeye ndiye angekuwa ameua. Machozi yakamtoka akakasirika, kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa inasema saa sita kasorobo.

Alitoka nje kumtafuta Hamisa wa duka la jirani, aje amwandikie. Duka lilikuwa limefungwa, mlango umefungwa kwa kitambaa cheupe, watu wameenda msibani. Mtaani palipita mwanamke na kuni, mzee mmoja na punda, na upepo wa Septemba uliokuwa unabeba vumbi la mji mzima. Alirudi ndani. Shija alikuwa amesimama.

"Mama, niambie ukweli. Jina langu halipo?"

"Lipo, baba. Ni mimi ninayekwama." Kisha likamtoka, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia. "Inataka niandike jina la Daktari. Na jina la Daktari ni la baba mkwe wangu."

Alitegemea acheke. Shija hakucheka hata kidogo. Alivua shuka begani, akaikunja, akaiweka kwenye benchi kama mtu aliyesikia habari ya msiba.

"Mke wangu pia," alisema. "Baba yangu jina lake ni lile la mvua. Mke wangu mvua ikinyesha anasema, kunamwagika. Miaka ishirini kunamwagika." Akafikiri. "Ungenionyesha mimi nibonyeze. Mimi siyo mkwe wake. Na kusoma sijui, kwa hiyo hata nikiliona sitaliona."

Scola alilitazama tangazo lake mlangoni. Alijiambia kwamba kumwonyesha mtu kitufe siyo kumruhusu aguse kompyuta, na mtu mzima akiamua kujidanganya hakosi hoja. Akamkalisha Shija kwenye kiti cha Daktari, akamwonyesha kitufe cha kwanza kwa ncha ya kalamu.

Kidole cha Shija kilikuwa kizito, kilichozoea fimbo na kamba. Kilishuka kwenye kitufe na kukaa hapo kwa heshima, kama kinavyokaa kwenye wino wa kugonga dole gumba, na kwenye kisanduku herufi ya kwanza ikajipanga mara tisa. Scola akafuta. "Gusa na uachie, baba." Shija akagusa na kuachia, herufi zikawa tatu. Wakafuta. Mara ya tatu walifika herufi ya nne vizuri, jasho likimtoka Shija, kisha kidole kikagonga vitufe viwili kwa pamoja. Wakafuta. Mara ya nne Scola aliandika neno la siri mwenyewe, akabonyeza, na kisanduku kikakataa, maana herufi moja ilikuwa imejirudia katikati, na yeye, aliyekuwa ameangalia pembeni ili asilisome jina, hakuiona.

Honi ya lori ikalia kutoka barabarani, ndefu, kisha fupi mbili. Abuu alikuwa amesimamisha mbele ya ofisi, akapiga kelele dirishani bila kuzima injini.

"Oyaa, mzee Shija! Twende! Robo saa tu, mimi simsubiri mtu, nina abiria!"

Shija alitazama mlango, akatazama kioo. Akaweka kidole tena juu ya kitufe cha kwanza. "Nionyeshe tena, mama. Haraka."

Hapo Scola akajiona. Mgeni amekaa kwenye kiti cha Daktari, mbele ya folda ya Daktari, tangazo liko mlangoni kwa maandishi yake mwenyewe. Kwa mara ya pili mwaka ule alikuwa anamwingiza mgeni ndani ili yeye asiandike jina. Ya kwanza iliua ng'ombe. Ya pili alikuwa anaifanya mbele ya mwenye ng'ombe.

"Ondoka hapo, baba," alisema, na sauti ilikuwa kali kuliko alivyotaka. "Samahani. Ondoka tafadhali. Hii ni kazi yangu."

Alikaa. Alifuta kisanduku kizima. Hakuangalia pembeni, maana macho yaliyoangalia pembeni ndiyo yaliyomkosesha mara ya nne. Akaandika k. Akaandika a. Mkono wa kushoto ulitaka kuondoka, akaurudisha. s, m, i. Alikuwa analia sasa bila kujificha, na Shija alikuwa amegeuka ukutani kwa adabu, kama wanaume wanavyogeuka mwanamke akipita kisimani. Akaandika r. Akaliangalia lote, herufi sita, moja moja, kwa sauti ya ndani, kuhakikisha halijakosewa. Lilikuwa sahihi. Akaweka neno la siri, akabonyeza.

Folda ikafunguka kimya, bila hata mlio. Orodha ilikuwa ndani, na ukurasa wa pili ulikuwa na Shija, tisini na tatu, tarehe ya sindano, alama ya sikio. Printa ilivuta karatasi ya kwanza, ikakwama, ikapigwa kofi ubavuni, ikaendelea. Scola aligonga muhuri kila ukurasa kwa nguvu mpaka meza ikaruka, akazikunja, akazitia kwenye bahasha, akamsukumia Shija kifuani.

"Kimbia."

Shija alikimbia akaacha fimbo. Scola aliichukua akamfuata, akaitupia juu ya magunia ya mahindi lori likiwa limeshaanza kutembea.

Alikaa siku nzima na usiku wake bila kujua kama walifika. Nyumbani alipika maharage yakaungua. Sebastiani alimuuliza ana nini, akasema kichwa.

Jumanne alasiri Abuu alisimamisha lori mbele ya ofisi na kuingia na kibuyu cha maziwa kilichozibwa kwa majani. "Cha kwako hiki, dada, kutoka kwa yule mzee. Tulitoboa tairi pale mteremkoni, acha tu! Tumefika saa kumi kasoro dakika tano, walishaanza kuwazunguka na fimbo. Karatasi ikasomwa. Wamepita wote tisini na watatu. Anakuambia wamepita, na anasema hakuona kitu." Abuu alikuna kichwa. "Hilo la mwisho sikulielewa, lakini kasisitiza nilifikishe."

Scola alilielewa. Alifunga ofisi mapema, akabeba kibuyu mpaka Kizwite.

Mzee Kasmir alikuwa ameketi mbele ya nyumba akitia mpini kwenye jembe. Scola alipiga magoti mbali kidogo, mahali pake pa siku zote, akapiga makofi taratibu ya salamu, mzee akaitikia. Mtoto akapeleka kikombe. Mzee akanywa maziwa yale ya mgando, akafuta mdomo.

"Haya ni ya Wasukuma," alisema. "Nani kakupa?"

Angeweza kusema rafiki, na yangeishia hapo. Badala yake alimweleza yote, akiangalia ardhi: Februari, Agosti, boma la karantini, lori. Alipofika kwenye kisanduku akasita.

"Huyo daktari wako," mzee alisema polepole, "ni wajina wangu?"

"Ndiyo, baba."

"Ukalitamka?"

"Sikulitamka, baba. Nililiandika. Nimekosa."

Mzee aliliweka jembe chini.

"Mimi sikusikia kitu," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo Scola hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba, akauliza, "Linakuwaje?"

"Nini, baba?"

"Likiandikwa. Mapadri waliliandika kwenye kitabu kikubwa, mimi mtoto. Ushirika wakaliandika kwenye kadi, nikaweka dole. Kila anayeliandika anaelekeza daftari kwake." Aliusawazisha mchanga mbele yake kwa kiganja. "Hebu liandike hapa."

Scola alisogea kwa magoti. Aliliandika kwa kidole, herufi kubwa, zote sita, na safari hii mkono haukutaka kwenda popote. Mzee alilitazama, lakini lilikuwa kichwa chini kwa upande wake. Basi akainuka, yeye ambaye miaka kumi na saba hakuwahi kukaa karibu na mkwewe kwa kiasi cha kufikiwa na kivuli chake, akazunguka, akachuchumaa kando ya Scola. Akazihesabu herufi kwa kidole bila kuzigusa.

Upepo wa jioni ulikuwa unaanza, vumbi likitembea chini uani. Mzee akanyoosha mkono ukutani, akauchukua ungo wa kupepetea ulezi, akaufunika juu ya jina lake.